Anza Katikati

Dereva wa shule hakuzima gari. Alisimama mlangoni pa kibanda changu cha udobi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, gari likiunguruma nyuma yake, akasema mkuu wa shule ananiita, na niende na shuka.

"Shuka la nini?" nikamuuliza.

"Mimi nimetumwa tu, kaka. Amesema liwe safi."

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mkononi nilikuwa na pasi, na mezani kulikuwa na shati la mhasibu mmoja ambaye ni mteja wangu wa miaka mingi. Mdogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa mwisho katika shule ile. Nikamuuliza dereva kama mtoto ameumia. Akasema mkuu atanieleza. Nikamuuliza kama wamempeleka hospitali.

"Hapana. Yuko ukumbini."

Mtu aliyeumia hupelekwa hospitali. Anayeachwa ukumbini na kutafutiwa shuka, Mungu amrehemu. Dereva hakutamka kwamba mdogo wangu amekufa. Aliniambia nichukue shuka, nikaelewa. Nilizima pasi, nikaenda kwenye rafu, nikachagua. Naam, nilichagua! Nilirudisha moja lenye doa la chai nikachukua jingine, la muuguzi mmoja, lililokuwa limekunjwa tayari kuchukuliwa. Shule ile ina mabweni mawili na vitanda zaidi ya mia mbili, na kila kitanda kina mashuka yake. Lakini shuka la kumfunika mtoto aliyefia mikononi mwao walilifuata kwangu.

Naandika haya kwa sababu ipo karatasi nyingine iliyoandikwa juu yake, nayo ina muhuri. Hii yangu haina muhuri.

Tulimwita Tena. Jina lake la ubatizo liko kwenye msalaba wake, lakini hakuna aliyelitumia, hata mama. Alipokuwa mdogo, ukimaliza kumwimbia au kumsimulia kitu alikupiga kofi gotini na kusema, "Tena!" Ukirudia, "Tena!" Baba alifariki Tena akiwa na miaka minne. Mwaka ule ndio niliomaliza sekondari, nikarithi meza, pasi na wateja. Mama alikuwa akisafisha ofisi na aliondoka nyumbani kabla jua halijatoka, kwa hiyo Tena alikulia chini ya meza yangu, ndani ya kikapu cha nguo zisizo na haraka. Alijifunza kusoma kwa majina ya wateja niliyoyaandika ndani ya kola.

Alipofika miaka miwili ya mwisho ya shule, ile ambayo mwanafunzi huchagua masomo yake, alichagua sanaa za maonyesho. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, muuza vipuri vya magari, alikuja nyumbani siku hiyohiyo.

"Maigizo?" akasema. "Utaigiza kazi? Mwisho wa mwezi utaigiza mshahara?"

"Baba mdogo, mbona wewe unaigiza kunisikiliza na unapewa chai?"

Chai ilimtoka puani. Mama alilazimika kwenda jikoni kucheka.

Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba sauti ya nne katika kwaya, na nilidhani somo lile ni kumfundisha mtoto kudanganya kwa ufundi. Nikaenda kwa mchungaji anisaidie kumkatalia.

"Umesoma wanachosoma?" mchungaji akaniuliza.

"Hapana."

"Basi kasome kwanza, halafu uje tukatae pamoja."

Sikurudi kwake. Nilipomwomba Tena anionyeshe wanachosoma, aliniwekea karatasi mkononi. "Shika, kaka. Wewe ni mama mkwe."

Tangu siku ile, kwa karibu miaka miwili, kibanda changu kilikuwa ukumbi wa mazoezi. Mchezo wa mtihani wao waliutunga wenyewe, watano, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Nyumbani Tena alikuwa peke yake, hivyo sehemu nyingine zote zilikuwa zangu. Alichora sakafu kwa chaki: hapa mlango, hapa kiti, hapa ukuta. Nikipita na nguo alinigombeza, "Kaka, umepenya ukuta!" Nikawa nazunguka kwenye mlango usiokuwepo, nimebeba makoti ya watu.

Siku moja yule mhasibu alikuja kuchukua suruali akanikuta na pasi mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, nikisema kwa sauti nyembamba, "Mwanangu hakuoa mke, ameoa njaa!"

Akasimama palepale. "Dobi, nirudi baadaye?"

"Ingia tu, mjomba," Tena akamwambia. "Mama mkwe wetu ana maneno, lakini hang'ati."

Tangu siku ile mhasibu yule hakunisalimu kwanza. Aliuliza, "Mama mkwe kaamkaje?" Ameacha kuuliza tangu msiba.

Mwalimu wao wa maonyesho alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kuomba ruhusa. Nitamsema sana huko mbele, kwa hiyo nimpe haki yake hapa: alijua kufundisha. Aliwaambia kwamba kuna kukariri na kuna kuelewa, na njia ya kuvitofautisha ni moja. Mkatize mtu katikati, halafu mwambie aanzie popote. Aliyeelewa ataanzia popote. Aliyekariri atarudi mwanzo, kwa sababu maneno yake yameshikana kama shanga, hana pa kuyakatia. Tena alikuja nayo nyumbani kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Kaka, nikatize."

"Nikukatize wapi?"

"Ukiniambia wapi si umeshanitayarisha? Kata tu!"

Basi nilikata. Nilikata anapolia, nilikata anapocheka, nilikata ameinua mguu. "Anza pale kwenye barua." "Anza pale unapokataa." Mwezi wa kwanza alirudi mwanzo kila mara na kupiga teke kikapu. Mwisho wa mwaka ungeweza kumwamsha usingizini ukamtupa katikati ya mchezo akaendelea. Na mimi sikio langu lilikomaa. Nilijua, kabla sijakata, kama anasema au anasoma ukutani mwa kichwa chake.

Kulikuwa pia na sehemu ya kuigiza peke yake, dakika kumi. Tena alimwigiza mama. Mama huvua viatu kabla ya kuingia ofisi ya mkurugenzi, ingawa ana ndoo na fagio na hakuna aliyemwambia avue. Tena alivua viatu jukwaani, akaviweka sambamba, akaviangalia kama vile anaviomba radhi, ndipo akaingia. Mama aliyatazama mazoezi hayo kibandani mpaka mwisho.

"Kumbe unaniona," akasema.

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya mdogo wangu, na ndiyo ile shuleni kwao waliyoiita maigizo kwa kukunja pua. Kipindi chao kilikuwa Jumatano na Ijumaa mchana. Kwenye daftari lake la mazoezi, ambalo ninalo, ameandika kila kipindi walichonyang'anywa na sababu yake. "Tumepanga viti vya kikao cha wazazi." "Tumefuta madirisha ya ukumbi." "Tumefunga bendera." "Tumebeba meza za maabara, kwa nini sisi?" Kikija kitu cha kubeba au kufunga, mkuu wa shule alisema, "Waiteni wale wa maigizo." Wanafunzi wa sayansi walikuwa na masomo. Hawa watano walikuwa na muda. Na mwalimu wao, yule mjuzi wa kutofautisha kukariri na kuelewa, aliitikia, "Sawa, mkuu," akawatuma.

Jumapili kabla ya Alhamisi ile, tukitoka kanisani, Tena alinishika mkono.

"Kaka, ile ngazi ya ukumbini imeoza. Kipandio kimoja huko juu kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Mtunza ukumbi amekataa kuipanda, na wiki hii lazima pazia lishushwe lifuliwe. Jumamosi kuna wageni wa bodi."

"Sasa wewe pazia linakuhusu nini?"

"Wanatutuma sisi."

Nilimjibu jibu la mtu anayejiona ana dini. Nilimwambia amebakiwa na miezi mitatu, asigombane na wakubwa, mtoto mtiifu hubarikiwa. Akasema, "Haya, kaka." Hayo ndiyo mafundisho niliyompa.

Nilipofika ukumbini na shuka langu, Tena alikuwa amelala sakafuni, chini ya jukwaa, kichwa karibu na ukingo wa saruji. Pazia lilikuwa limening'inia upande mmoja. Mkuu wa shule alikuwa na suti na kalamu mbili mfukoni. Alinipa mkono.

"Pole sana, ndugu yangu. Ndio watoto. Alipanda bila ruhusa, anacheza."

Nilikuwa sijamfunika bado. Mwili wake ulikuwa haujapoa, na tayari alikuwa ameshapewa kosa. Nikapiga magoti, nikamfunika, nikasali nilichoweza. Niliposimama nikatazama kulia na kushoto.

"Ngazi iko wapi?"

"Tumeiondoa," akasema, "isije ikamuumiza mwingine."

Ngazi iliondolewa kabla ya mdogo wangu. Nimelifikiria neno hilo asubuhi na jioni tangu siku ile, na kila ninapolifikiria meno yangu hugusana. Polisi alikuja, akaandika aliyoambiwa, akafunga kitabu. Gari la maiti likamchukua.

Ijumaa barua ya shule ililetwa nyumbani. Ilisema marehemu, "kwa utundu na bila ruhusa ya mwalimu yeyote," alipanda ngazi. Ilisema nakala itasomwa na mkuu siku ya maziko kama salamu za shule. Mama aliisoma mara mbili kwa kidole.

"Hata siku ya kufa alikuwa mtundu?" akaniuliza. Hakuwa anabisha. Aliuliza kweli, na hilo ndilo lililonikata maini. Walikuwa wamefika hadi ndani ya kichwa cha mama na kumharibia mtoto wake. Waombolezaji nao walishaanza: watoto wa maigizo hao, wanarukaruka, mambo ya kuonekana. Nikajua ikisomwa ile barua mbele ya jeneza, ndivyo Tena atakavyokuwa milele. Sikuwa na namna ya kumrudisha. Kilichobaki ni maneno yatakayosemwa juu yake kabla ya udongo, na hayo niliapa hayatakuwa yale.

Mchana huohuo wenzake wanne walikuja kutupa pole, wakiongozwa na mwalimu wao. Wasichana wawili, wavulana wawili. Mmoja wa wasichana, rafiki yake wa karibu, tulimwita Kifupi, kwa kuwa alimfikia Tena begani. Walikaa kwenye benchi. Mama akawaomba wamweleze mwenzao alivyokufa.

Mvulana wa kwanza akasema, "Tulikuwa tumekaa tukisubiri kipindi. Marehemu akasema anataka kutuonyesha mchezo. Tulimkataza. Alipanda ngazi bila ruhusa ya mwalimu yeyote, na hapo ndipo alipoteleza."

Marehemu! Mtoto wa miaka kumi na minane anamwita rafiki yake aliyekuwa hai jana marehemu. Wa pili akasema, "Tulikuwa tumekaa tukisubiri kipindi. Marehemu akasema anataka kutuonyesha mchezo..." Mpaka "na hapo ndipo alipoteleza," akivuta pumzi palepale alipovuta mwenzake. Wa tatu hivyohivyo. Walikuwa waigizaji wazuri, hata machozi yalikuwepo, na sidhani yalikuwa ya uongo. Lakini mimi nimeshika karatasi miaka miwili. Najua sauti ya mtu anayesoma ukutani mwa kichwa chake.

Kifupi alipofungua mdomo nilimwacha afike kwenye "tulimkataza".

"Ngoja, mdogo wangu. Anza hapo. Mlimkatazaje? Mlisema nini?"

Akanitazama. "Tulikuwa tumekaa tukisubiri kipindi..."

"Hapana. Usirudi mwanzo. Anza katikati. Nani alimkataza?"

"Tulikuwa tumekaa..." Akashika ukingo wa benchi. "Tulikuwa tumekaa tukisubiri..."

Akashindwa. Akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Mwalimu akainuka. "Kaka, watoto wamechoka. Naomba tuwaache."

"Kaa chini, mwalimu," nikamwambia, na sauti yangu ilisikika mpaka nje kwenye viti vya wanaume. "Hili si umewafundisha wewe? Aliyekariri hurudi mwanzo. Ni nani aliyewapa maneno haya wakariri? Mliwafanyisha mazoezi mara ngapi?"

Akakaa. Baba mdogo alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Mvulana mmoja akasema, akitazama magoti yake, "Mtihani wa vitendo haufanyiki bila sahihi ya mkuu. Amesema asiyejua alichokiona asihangaike kuja na mchezo wake."

Ndipo Kifupi aliposema. Alianza na kishindo. Akarudi nyuma kwenye kamba ya kiatu, akaruka kwenye wageni wa Jumamosi, akarudi kwenye mikono ya Tena iliyokuwa na vumbi la pazia. Hakuna neno lililokaa mahali pake, na kila neno lilikuwa kweli. Mtunza ukumbi alikuwa amekataa. Mkuu akasema basi wapande wale wa maigizo, pazia si lao? Mwalimu alikuwepo. Tena akasema, "Mkuu, ngazi ni mbovu." Mkuu akamjibu, "Acha maigizo, panda."

Akapanda.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Halafu akasema, polepole, "Kwa hiyo hakuwa mtundu."

"Hakuwa, mama," Kifupi akasema.

Walipoondoka, baba mdogo alinivuta pembeni. "Mwanangu, mfu hafufuki. Hawa wanne wana mtihani. Ukiwasimamisha kanisani utakuwa umewazika nao." Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nilipoona baba mdogo ana hekima, na sikuipenda.

Jumamosi sherehe ya shule ilifanyika. Haikuahirishwa. Nimeambiwa ilianza kwa dakika moja ya kimya, pazia likiwa limefuliwa na kunyooshwa. Wakati wao wanapiga makofi mimi nilikwenda kwa mtunza ukumbi. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akifua, rundo la funguo likiwa juu ya jiwe.

"Najua kilichokuleta, dobi," akasema bila kugeuka. "Mimi nina kazi hiyo moja na watoto wanne."

"Sijakuomba kitu bado."

"Usiombe."

Nikaondoka, nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza yote, nikamwambia asimruhusu mkuu kusimama.

"Siwezi kumziba mtu mdomo kabla hajaufungua," akasema. "Lakini wasifu wa marehemu husomwa kabla ya salamu, na wasifu ni wa familia. Andika kweli. Uandike mfupi. Hasira ikiwa ndefu watu hutazama saa."

Nikauandika. Ulikuwa nusu ya ukurasa. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini siku hizi naona mwongo ana gari. Mkweli ndiye anayetembea kwa miguu.

Jumatatu kanisa lilijaa. Mkuu alikaa mstari wa mbele, bahasha mapajani. Pembeni yake walikuwa wageni wawili wa bodi, waliokuja kwa heshima. Nikasoma: alizaliwa lini, alisoma wapi, alipenda nini. Halafu nikasoma: "Siku ya Alhamisi mkuu wa shule alimwagiza apande ngazi mbovu ashushe pazia. Alimwambia ngazi ni mbovu. Akaambiwa aache maigizo. Akapanda, kwa sababu mimi kaka yake nilimfundisha kutii."

Mkuu akasimama. Hakupaza sauti. "Naomba nisahihishe, mchungaji. Ndugu yetu ana uchungu, tunamwelewa. Lakini hakuwepo. Shahidi wake ni nani?"

Akageuka taratibu kuwatazama wale wanne, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu. Kifupi akaanza kuinuka. Nikamwonyesha kwa mkono akae. Sikutaka kuilipia kweli yangu kwa mtihani wa mtoto wa mtu mwingine. Nilimtazama mwalimu wa maonyesho, aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, mtu mzima mwenye sauti yake. Alitazama sakafu. Nikahesabu moyoni hadi kumi nikimpa nafasi. Alinyamaza kwa mara ya pili.

Tukasikia funguo huko nyuma.

"Shahidi ni mimi," akasema mtunza ukumbi. Alikuwa amevaa koti lisilo lake, mikono imezidi. "Mimi ndiye niliyekataa kuipanda. Ukaniambia kama naogopa niondoke, wapo wale wa maigizo. Nikaondoka. Nilienda kunywa maji." Akakunja mikono ya koti. "Ningebaki, ningeishika ngazi. Hilo ni langu. Lakini mtoto alitumwa."

Mmoja wa wageni wa bodi akamwuliza mkuu kitu sikioni. Mkuu akakaa. Mchungaji akasoma ratiba yake, akasema, "Salamu za shule." Akangoja. Hakuna aliyesimama. Akasema, "Tuendelee."

Nimalize kwanza mambo ya baadaye, nisije nikayachanganya na maziko. Wale wanne walifanya mtihani wao. Bodi ilituma mtu mwingine kutia sahihi. Mkuu alihamishwa. Nasikia ni mkuu mahali pengine, na huko pia bila shaka kuna ukumbi. Mtunza ukumbi aliachishwa kazi kabla ya wiki kwisha, kwa kosa la kutoripoti ngazi mbovu. Watu wazima walikaa mezani wakaandika hivyo. Mwalimu wa maonyesho aliniletea nguo mwezi uliofuata. Nilizifua, nikazipiga pasi vizuri, kwa sababu kazi ni kazi, nikamkabidhi bila neno. Alisimama pale muda mrefu, akaondoka. Mchungaji ananiambia nisamehe. Kila siku nasali, nikifika mahali pa kusamehe nakwama, narudi mwanzo. Sijaelewa bado. Mungu anajua nimekariri tu.

Maziko yalikuwa hivi. Tulitoka kanisani saa nane mchana. Mkuu na wageni wa bodi hawakuja makaburini. Jeneza tulilibeba sita: mimi, baba mdogo, wavulana wawili wa darasa lake, mhasibu, na mtunza ukumbi. Njia ilikuwa na mawe, tukaenda polepole, tukabadilishana mabega mara mbili. Kwaya iliimba bila mimi. Kaburi lilikuwa upande wa chini, karibu na la baba. Mama alitaka kumwona mara ya mwisho, wakamfunulia. Alimrekebisha kola ya gauni, akasema, "Haya, mwanangu, nenda," akarudi nyuma. Wakafunga. Tukalishusha kwa kamba. Mchungaji alisali kwa ufupi. Mama alitupa udongo kwanza, kisha mimi, kisha Kifupi na wenzake, kisha wengine. Majembe yalikuwa matatu, tukapokezana. Mwalimu wa maonyesho alikuja akanyoosha mkono apewe jembe; baba mdogo akampa. Tulimaliza kabla ya saa kumi. Tukasimika msalaba, tukaweka maua waliyoleta wanafunzi. Watu walimpa mama mkono mmoja mmoja, wakaondoka. Nikamshika mama mkono, tukapanda njia kurudi nyumbani.